Wanga na Uzito wa Wazee: Sahani ya Changamwe

Changamwe, eneo la Mombasa lililoko bara upande wa pili wa Makupa, limeishi kwa miaka mingi kwa jasho la bandari ya Kilindini, reli, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi katika miaka ya 1960 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 131,882 katika kaunti ndogo ya Changamwe, na miongoni mwao wamo wanaume na wanawake waliofika Chaani, Magongo, Kipevu na Port Reitz wakiwa vijana wa kutafuta kibarua, ambao leo ni wastaafu, wajane, mababu na nyanya wanaolea wajukuu. Ni katika umri huu, baada ya miaka 60, ndipo mzee aliyenenepa huambiwa na watu wa nyumbani, na wakati mwingine na wahudumu wa afya, kwamba aache vyakula vya wanga ili apungue. Agizo hilo husemwa kwa sentensi moja, ilhali limebeba maswali manne, na kila moja lina jibu lake: wanga upi, kwa kiasi gani, badala yake kiliwe nini, na je, mzee huyo anastahili kupungua kwa kweli? Makala haya yanashikilia kwamba wanga uliojaa katika sahani ya kawaida ya Mombasa unafaa kupunguzwa kwa wazee walionenepa, lakini kwamba kuupunguza bila kulinda misuli ni kumdhoofisha mzee kwa jina la kumponya.

Wanga ni chakula kinachohifadhiwa na mmea katika mbegu, mizizi na matunda yake, na wataalamu wa lishe huuweka pamoja na sukari na nyuzinyuzi katika kundi moja liitwalo kabohaidreti, ambalo kwa lugha ya kila siku nalo huitwa wanga. Ukishaliwa, mate na utumbo huuvunjavunja mpaka ukawa glukosi, yaani ile sukari nyepesi inayosafiri katika damu, na hapo kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa homoni ya insulini inayozifungulia seli mlango ili ziipokee sukari hiyo. Sehemu huchomwa papo hapo ili kuupa mwili nguvu, na sehemu huwekwa katika ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, ambayo ni akiba ya muda mfupi. Akiba hiyo ikijaa na chakula kikaendelea kuingia, mwili huchoma kile kilichofika sasa na kuyaacha mafuta yake yalivyo, huku ziada fulani ikigeuzwa kuwa mafuta mapya. Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, sawa na gramu ya protini, na chini ya nusu ya kilokalori 9 zinazotolewa na gramu ya mafuta. Kwa hiyo wanga wenyewe hauna nguvu ya ajabu ya kunenepesha, bali hatari yake hutokana na wingi wake, wepesi wa kuliwa na vitu unavyoandamana navyo.

Tofauti kati ya wanga mmoja na mwingine ni kubwa, tena ndiyo inayosahauliwa zaidi. Boflo nyeupe, mahamri, chapati ya unga mweupe na chai yenye sukari nyingi humeng'enywa haraka na kuipandisha sukari ya damu kwa ghafla, kwa sababu ngano imekobolewa ikapoteza nyuzinyuzi zake, na nyuzinyuzi ndizo sehemu ya mmea isiyomeng'enywa, inayopunguza kasi ya ufyonzaji na kumfanya mlaji ashibe mapema. Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe nayo yana wanga mwingi kiasi, lakini wanga huo umefungwa pamoja na nyuzinyuzi na protini, hivyo huingia katika damu polepole. Muhogo na viazi vitamu vilivyochemshwa viko katikati, na hubadilika tabia mara vinapotumbukizwa katika mafuta, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia hubeba takriban kilokalori 120, na kiazi karai kinachotoka katika karai la barabarani hakitoki peke yake. Anayesema kwamba kiazi ndicho kilichomnenepesha mara nyingi anakitwisha kiazi mzigo wa mafuta.

Ili kuelewa jinsi sahani ya Changamwe ilivyojaa namna hii, ni lazima kuitazama historia ya kazi. Mahindi na muhogo havikuwa vyakula vya asili vya pwani hii. Vililetwa kutoka bara la Amerika baada ya Wareno kufika, na kabla ya hapo watu walitegemea mtama, mawele, wimbi na mchele. Ilikuwa wakati wa ukoloni ndipo unga wa mahindi ulipoenea kama posho ya vibarua wa reli, bandari na mashamba, kwa sababu ulikuwa rahisi, ulikaa muda mrefu na ulishibisha. Mchukuzi wa bandarini, aliyezoeleka kuitwa kuli, alibeba magunia begani mchana kutwa, na mwili unaofanya kazi ya namna hiyo unaweza kutumia zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku, kiasi kwamba mlima wa sima uliokuwa mbele yake jioni haukuwa ulafi bali mafuta ya injini. Baadaye yalikuja makontena na winchi kubwa, kisha ukaja umri wa kustaafu, ambao katika utumishi wa umma nchini Kenya ni miaka 60. Kazi iliondoka, sahani ikabaki. Mzee anayeketi barazani, akatembea mpaka msikitini au kanisani na kurudi, hutumia takriban kilokalori 1,600 hadi 2,000 kwa siku, na bado anapakuliwa chakula cha kuli.

Juu ya hayo, mwili wenyewe hubadilika. Misuli, ambayo ndiyo ghala kubwa zaidi la kupokea glukosi inayotoka katika chakula, hupungua kadiri miaka inavyosonga, na upungufu huo huongezeka kasi baada ya miaka 60. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hiyo jina la sarkopenia, yaani kunyauka kwa misuli kwa sababu ya uzee. Ghala likipungua, shehena ileile ya sima iliyokuwa ikipata pa kuingia mtu akiwa na miaka 35 hubaki ikizunguka katika damu akiwa na miaka 70, na kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi. Meno nayo yana sehemu yake katika jambo hili, ingawa hayatajwi mara nyingi. Mzee aliyepoteza magego huiepuka nyama, njugu na mboga ngumu, akahamia katika chai na boflo, uji, wali laini na mahamri yaliyochovywa, yaani karibu kila kitu kisichohitaji kutafunwa, na karibu kila kitu kisichohitaji kutafunwa ni wanga. Mtu wa aina hiyo anaweza kuwa mnene na mwenye njaa ya protini kwa wakati mmoja.

Wazo la kupungua kwa kuacha wanga si geni, na inafaa kukumbuka kwamba aliyelitangaza zaidi duniani alikuwa mzee. William Banting, mfanyabiashara wa shughuli za mazishi mjini London, alikuwa na miaka 65 alipomwendea daktari William Harvey mwaka 1862, akiwa na uzito wa ratili 202, ambazo ni karibu kilo 92, katika kimo cha kadiri tu. Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, akamwachia nyama, samaki, mboga na matunda, na katika muda wa mwaka mmoja Banting akapungua ratili 46, yaani karibu kilo 21. Mwaka 1863 alichapisha kijitabu cha kuwaeleza watu habari hiyo, kikapata umaarufu mkubwa hata jina lake likageuka kuwa kitenzi cha kupunguza mwili, na mpaka leo Waswidi husema kwa neno lililotokana na jina hilo kwamba mtu yuko katika mlo wa kupungua. Aliishi hadi mwaka 1878, akafa akiwa na miaka 81. Karibu kila mlo wa kukataa wanga uliofuata, ukiwemo ule wa daktari Robert Atkins wa Marekani uliotangazwa mwaka 1972, unafuata njia iliyokanyagwa na mzee huyo.

Hata hivyo, mfano wa mtu mmoja hautoshi kuwa sheria, na majaribio makubwa ya miaka ya karibuni yameipunguza makali sifa ya mlo huo bila kuifuta. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walioongozwa na Christopher Gardner walitoa matokeo ya jaribio la watu 609, ambao nusu yao walipunguza wanga na nusu wakapunguza mafuta kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6.0 kwa wastani na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Pande zote mbili ziliagizwa kuacha sukari na unga uliokobolewa na kula mboga nyingi, na inaelekea kwamba hapo ndipo ilipokuwa siri. Kwa wenye kisukari, kupunguza wanga hushusha sukari ya damu waziwazi katika miezi 6 ya kwanza, kisha faida yake juu ya milo mingine hupungua kadiri mwaka unavyokwisha, hasa kwa kuwa watu huchoka na masharti. Lakini washiriki wa Stanford walikuwa na miaka 18 hadi 50. Mwanamke wa miaka 72 anayeishi Magongo hawezi kuchukua matokeo yao kama yalivyo na kuyavaa, na hili ndilo kosa kubwa la ushauri mwingi unaosambazwa kwa simu: unamnakili kijana na kumwandikia mzee.

Kinachotenganisha kupungua kwa kijana na kupungua kwa mzee ni swali la kitu gani kilichopungua. Mzani hauna macho. Hutangaza kilo bila kusema kama ni maji, misuli au mafuta, na katika uzee tofauti hiyo inaweza kuamua kama mtu ataendelea kupanda ngazi za nyumba yake au ataanza kushikwa mkono kwenda msalani. Tuseme mzee ameacha sima, wali, mkate na sukari kwa mkupuo, na baada ya wiki moja mzani unaonyesha kwamba kilo 3 zimeondoka, nyumba nzima ikafurahi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700. Ili kilo 3 za mafuta ziondoke kwa siku 7, ingehitajika mwili utoe akibani kilokalori 3,300 kila siku, kiasi kinachozidi kwa mbali jumla ya kile ambacho mzee huyo hutumia kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, hata kama hangekula chochote. Kwa hiyo kilo hizo haziwezi kuwa mafuta zote. Sehemu kubwa ni maji, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, na akiba ya glaikojeni inapokauka, maji hayo hutoka katika mkojo. Siku atakapokula tena wali wa nazi kwenye harusi, maji yatarudi, na mzee atadhani kwamba sahani moja imemnenepesha kilo 2.

Baada ya maji huja jambo zito zaidi. Mwili unaonyimwa chakula cha kutosha huchoma mafuta, lakini hula pia misuli, na kijana anayepoteza misuli huweza kuirudisha kwa urahisi kiasi, ilhali mzee hurudisha kidogo tu, hata pale uzito wenyewe unaporudi. Akipungua kilo 6 kisha akanenepa tena kilo 6, kilichorudi kwa kawaida ni mafuta zaidi kuliko kilichoondoka, na misuli pungufu kuliko ile aliyoanza nayo. Akirudia mchezo huo mara tatu au nne, huishia na uzito uleule katika mwili ulio dhaifu zaidi.

Ushahidi ulio wazi kuhusu jambo hili ulitolewa mwaka 2011 na daktari Dennis Villareal pamoja na wenzake nchini Marekani, waliowafuatilia kwa mwaka mmoja wazee 107 wenye miaka 65 na zaidi, wanene na walioanza kulegea. Kundi moja lilipunguza chakula, jingine lilifanya mazoezi pekee, la tatu lilifanya yote mawili, na la nne likaendelea na maisha yake ya kawaida. Waliopunguza chakula pekee walipungua asilimia 10 ya uzito, na waliochanganya chakula na mazoezi walipungua asilimia 9, kwa hiyo kwa jicho la mzani makundi hayo yalilingana. Lakini kundi la kwanza lilipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili isiyo mafuta, na kundi la mchanganyiko asilimia 3. Uimara wa mfupa wa nyonga ulishuka kwa asilimia 2.6 katika kundi la kwanza na kwa asilimia 1.1 katika la mchanganyiko. Na katika kipimo cha utendaji wa mwili, kama kutembea, kunyanyua vitu na kupanda ngazi, waliochanganya waliboreka kwa asilimia 21 wakati waliopunguza chakula pekee waliboreka kwa asilimia 12. Mwaka 2017 Villareal alirudi na jaribio jingine la wazee 160, likaonyesha kwamba mazoezi yaliyounganisha kutembea na kunyanyua vitu vizito yaliwasaidia zaidi kuliko aina moja peke yake. Kama kuna tafiti zinazostahili kubandikwa katika kila kliniki inayowaambia wazee wapungue, ni hizo mbili.

Habari njema ni kwamba mzee hahitaji kupungua sana. Katika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ukiwa na washiriki 3,234, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa bidii dakika 150 kwa wiki, na kwa jumla hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa wale waliokuwa na miaka 60 na zaidi ilipungua kwa asilimia 71, zaidi kuliko kwa wenye umri mdogo. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi, na kilo hizo zinaweza kuchukua miezi 6 bila hasara yoyote.

Zikiletwa Changamwe, hesabu hizi huanzia kwenye kikombe. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4, kwa hiyo anayekunywa vikombe 4 vya chai kwa siku akitia vijiko 3 katika kila kimoja hula gramu 48 za sukari kabla hajagusa chakula. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Kwa mzee anayehitaji kilokalori 1,800, asilimia 10 ni gramu 45, na vikombe hivyo vimekwisha kuzipita. Chupa ya soda ya mililita 300, anayonunuliwa na mgeni kwa heshima, huongeza gramu 30 hivi. Sukari ndiyo wanga wa kwanza wa kuondoka, kwa sababu haileti nyuzinyuzi, vitamini wala shibe, na ulimi huzoea. Anayetoka vijiko 3 hadi 2, akakaa hapo wiki mbili, kisha akashuka hadi 1, hatateseka kama anayekatazwa ghafla, na iliki na tangawizi zilizomo katika chai ya pwani husaidia kuuziba upungufu huo.

Baada ya kikombe ni kifungua kinywa, na hapa mahamri na mbaazi, chakula kinachopendwa kuliko vyote Mombasa, kinahitaji kutetewa nusu yake. Kilicho kizito ni mahamri, kwa kuwa ni unga mweupe, sukari na tui vilivyokandwa pamoja na kuzamishwa katika mafuta ya moto. Mbaazi ndizo zinazostahili kubaki na hata kuongezwa, kwa sababu kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva hutoa karibu gramu 11 za protini pamoja na nyuzinyuzi nyingi, ila tui lake liwe jepesi. Mzee aliyezoea mahamri manne na kisahani cha mbaazi anaweza kugeuza mizani hiyo, akala hamri moja na bakuli la mbaazi, na asiwe ameacha chakula cha kwao. Katika chakula cha mchana na cha jioni kanuni ni hiyohiyo: nusu ya sahani ishikwe na mchicha, kisamvu, mnavu, bamia au kachumbari, robo ishikwe na samaki, kunde au mayai, na robo inayobaki ndiyo nafasi ya sima au wali. Sima ya unga wa kinuni usiokobolewa, au uliochanganywa na wimbi au mtama, ina nyuzinyuzi nyingi kuliko ile ya unga mweupe wa pakiti, na chapati ya unga wa ata hushinda ya unga mweupe kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanga wa mtu mzima utoke zaidi katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Robo ile ya kitoweo ndiyo kiini cha mambo yote. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kiasi kinachozidi kile cha gramu 0.8 kilichozoeleka kwa watu wazima wote, isipokuwa wale wenye ugonjwa mkali wa figo, ambao kipimo chao huwekwa na daktari. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 70 hadi 84, na kikombe cha chai na boflo havitamfikisha huko hata kwa mwaka mzima. Kipande cha samaki cha gramu 100 hutoa karibu gramu 20, yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyoiva gramu 15 hivi. Ni kweli kwamba kitoweo kina bei, na mzee anayetegemea shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii hawezi kuambiwa ale kuku kila siku. Wanga umetawala sahani za watu wa kipato kidogo kwa sababu ndiyo shibe ya bei nafuu, wala si kwa ujinga wao. Lakini dagaa, omena, kunde, pojo na mbaazi bado ni protini ya bei ya chini, na kwa asiye na meno, pojo iliyopondwa na samaki aliyechambuliwa miiba ni laini kama uji.

Mazoezi hayahitaji jumba wala mashine. Kuinuka kitini bila kushika chochote na kuketi tena, mara 10, kisha kupumzika na kurudia, ni kunyanyua uzito wa mwili mzima. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5 za chuma kwa anayeanza. Na kutembea ni vyema kufanywe asubuhi mapema au baada ya alasiri, kwa kuwa jua la Mombasa wakati wa kaskazi si la kuchezewa na mwili wa miaka 70.

Wapo ambao hawafai kabisa kuanza safari hii. Mapitio ya tafiti za wazee karibu 198,000, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kwa waliopita miaka 65 hatari ya kufa huanza kupanda pale uwiano wa uzito na kimo, yaani BMI, unaposhuka chini ya 23, ingawa kwa kijana kiwango hicho huhesabiwa kuwa cha afya. Mzee mwenye unene wa wastani anayejilazimisha arudi katika suruali ya ujana wake anaweza kuwa anaitupa akiba ambayo ingemvusha katika ugonjwa. Na mzee anayepungua bila kukusudia, akapoteza asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 hadi 12, asipongezwe. Apelekwe hospitali, kwa sababu huenda ni kifua kikuu, saratani, kisukari kilichojificha au huzuni iliyomwondolea hamu ya chakula. Hata kwa wanaofaa, kuukata wanga karibu wote hakuna sababu. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia kwa takriban miaka 25 watu 15,428 waliokuwa na miaka 45 hadi 64 mwanzoni, ukachapishwa mwaka 2018, ulikuta vifo vichache zaidi miongoni mwa waliopata asilimia 50 hadi 55 ya nguvu yao kutoka katika wanga, na vifo vikiwa vingi kwa waliokula chini ya asilimia 40 na kwa waliozidi asilimia 70. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo kama jaribio linavyothibitisha, lakini haukuwapa moyo waliohama kutoka ncha moja hadi nyingine.

Hatari ya karibu zaidi imo katika mfuko wa dawa. Mzee anayechoma insulini au kumeza vidonge vya aina ya glibenklamidi amepimiwa dawa hiyo kwa kiasi cha wanga anachokula kila siku. Akiuondoa wanga na kuiacha dawa ilivyo, sukari ya damu inaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa na hata kuzimia, na wa nyumbani wakadhani ni uzee. Anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, akipoteza pia yale maji ya glaikojeni katika joto la Mombasa, anaweza kuona kizunguzungu anaposimama na kuanguka, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni msiba ambao hakuna kilo zilizopungua zinazoweza kuufidia. Mwezi wa Ramadhani huyakusanya yote hayo pamoja: mchana mrefu bila maji, kisha futari ya kaimati, tambi, muhogo na viazi vitamu vya nazi, ambayo ni kushuka na kupanda kwa sukari ndani ya siku moja. Mgonjwa wa kisukari azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kama ataambiwa saumu itamdhuru, dini yenyewe imempa ruhusa.

Kwa hiyo mzee wa Changamwe anayetumia dawa za kisukari au presha, na ambaye amekusudia kupunguza wanga, anaombwa asianze kesho asubuhi. Aende kwanza katika Hospitali ya Port Reitz au kituo cha afya kilicho karibu naye, akiwa na vidonge vyake vyote mkononi na mmoja wa watu wanaompikia, apimwe uzito, sukari na presha, na aulize kwa kinywa chake dawa ipi ipunguzwe siku sima itakapopungua.